Koti Jeupe Kwenye Machimbo

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mke wangu akinisikia nasema hivyo hucheka tu kwa sababu habari yenyewe anaijua. Siku hiyo nilisimama kwenye mdomo wa shimo la dhahabu nimevaa koti la mpishi, na watu wasiopungua arobaini walikuwa wakinitazama, wakingoja niwaambie kama waingie au wasiingie. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa upishi. Kitu pekee nilichokijua kuhusu ardhi ni kwamba viazi hutoka humo.

Ngoja nikueleze nilivyofika pale, maana hakuna aliyenisukuma. Nilijipeleka mwenyewe.

Sisi ni watu wa Busawe, wakulima na wafugaji tangu zamani. Nilipomaliza kidato cha nne, dhahabu ilikuwa imepamba moto upande wa Tarime, na hata huku kwetu Serengeti vilima vilikuwa vimeanza kutobolewa. Vijana wa rika langu waliondoka na sururu begani, na baadhi yao walirudi na redio kubwa, miwani myeusi, na baiskeli zenye kengele mbili. Wale waliorudi mikono mitupu hatukuwazungumzia sana. Kijana aliyebaki nyumbani alionekana ni mgonjwa au mvivu.

Mimi nilichukua njia nyingine. Kanisani kwetu lilibandikwa tangazo la chuo kimoja cha binafsi kule Arusha. Siku hizi kimekua, kimekuwa chuo kikuu, lakini wakati huo kilikuwa majengo matatu na mabanda. Walifundisha kazi: uhasibu, kuongoza watalii, mapokezi ya wageni, upishi. Tangazo lilisema wanafunzi watafanya mazoezi kwenye hoteli zenyewe, na nyingine zilikuwa humu humu mbugani kwetu. Nikawaza, wageni wanapita hapa kila siku wakituachia vumbi, kwa nini nisiwe mimi ninayewapikia? Nikajaza fomu, na kwenye nafasi ya kozi nikaandika upishi.

Nyumbani sikusema hivyo. Wewe umezaliwa wakati mwingine, huenda usielewe. Kwetu wakati ule kijana aliyekwisha kutahiriwa akionekana anageuza ugali, watu waliuliza kama mama yake amefariki. Basi baba aliponiuliza nakwenda kusomea nini, niliangalia miguu yangu nikasema, "Madini." Neno moja tu. Baba yangu, Mzee Mwita, hakuwa mtu wa kucheka ovyo, lakini siku ile alielekea zizini akicheka peke yake.

Chuoni nililisahau hilo neno, kwa sababu nilikuwa na furaha ambayo sikuitegemea. Nilijifunza kukata vitunguu hadi kila kipande kilingane na mwenzake. Nilijifunza kwamba mifupa ambayo nyumbani tulikuwa tunawatupia mbwa, ukiichemsha taratibu tangu asubuhi mpaka mchana, inatoa supu ya kumsimamisha mgonjwa. Mwalimu wetu wa jikoni aliitwa Mwalimu Ester, mama mfupi mwenye sauti ndogo, ambaye kila asubuhi alitukagua kucha kama wanajeshi. Nilimwogopa, na nilimpenda.

Likizo ya kwanza ilipofika, basi lilinishusha Mugumu, mji wa wilaya yetu, nikiwa na begi langu. Ndani yake mlikuwa na koti jeupe la kazi, lile lenye safu mbili za vifungo, pamoja na kipimajoto cha nyama, kijiti cha chuma chenye saa ndogo kichwani. Unakichoma kwenye nyama ikiwa jikoni, nacho kinakuonyesha kama imeiva ndani. Mwalimu alituazima ili tufanye mazoezi nyumbani. Mimi nilijua sitafanya mazoezi yoyote, lakini nilivichukua.

Mama alilifua koti akalianika kwenye ua. Baba akaliona.

Akaniuliza ni nguo gani ile. Nikasema ni koti la maabara. Akakiona na kile kijiti mezani, akauliza na hiki je. Nikasema ni cha kupimia. Sikusema kupimia nini, na yeye hakuuliza, kwa sababu katika akili yake jibu lilikuwa limeshapatikana. Kufika jioni, nusu ya Busawe walikuwa wanajua kwamba mtoto wa Mwita amerudi na chombo cha kupima dhahabu.

Unaona jinsi uongo unavyoishi, mwanangu. Mimi nilisema maneno mawili matatu tu, mengine waliongeza watu waliokuwa wananipenda.

Asubuhi yake akaja baba mdogo, Marwa, mdogo wake baba. Yeye na wenzake walikuwa na shimo lao nyuma ya vilima, wachimbaji wanaliita duara. Mvua ilikuwa imelijaza maji wakaliacha kwa wiki kadhaa, na sasa maji yalikuwa yamekauka. Wenzake walitaka kuingia. Yeye alisita, kwa kuwa kushuka kule chini yeye ndiye aliyekuwa akitangulia, na nyumbani alikuwa na watoto watano. Alikuja kuniomba nikapime. Nilifungua mdomo ili nikatae, nikamsikia baba nyuma yangu akisema, "Atakwenda. Na koti lake."

Tulitembea kama saa mbili. Kila tulipopita, watu waliungana nasi. Baba alitangulia na fimbo yake akiwasalimia watu ambao kwa kawaida aliwapita kimya. Nilimtazama mgongo njia nzima. Nilijiambia, nikifika pale nitasema. Halafu nikajiambia, nitasema tukirudi.

Pale shimoni tulimkuta Otieno, Mjaluo wa upande wa pili wa mpaka, Kenya, aliyekuwa ameingia kwa njia ya Sirari na kuzunguka machimbo mengi. Kazi yake ilikuwa kupanga matimba, yaani magogo yanayoshikilia kuta za shimo zisianguke. Alikuwa ameketi kwenye jiwe anavuta sigara. Wakamuuliza maoni yake mbele yangu. Akasema, "Hizo mbao zimelala ndani ya maji mwezi mzima. Mimi siwezi ingia huko." Mtu mmoja akamwambia anyamaze, msomi amefika.

Basi msomi akapiga magoti. Nilikichoma kile kijiti kwenye udongo wa ukingoni. Mshale ukapanda kidogo, maana jua lilikuwa kali. Nilisikia nzi. Nilikaa pale nikijifanya nasoma, na ukweli ni kwamba nilikuwa nasoma kweli: kile chombo kilikuwa kinaniambia kwamba kama Busawe ingekuwa kuku, ingekuwa bado mbichi.

"Kinasemaje?" baba akauliza.

Nilimtazama usoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyesubiri jambo zuri kwa miaka mingi. Nikasema, "Pazuri."

Watu wakashangilia. Baba mdogo Marwa akavua shati, akafunga kamba kiunoni, akaniwekea mkono begani akasema, "Asante, mura." Mura ndivyo wazee wetu wanavyomwita kijana wa kiume. Mpaka leo naujua uzito wa mkono ule. Alikuwa anaogopa, na alikuwa anaiweka hofu yake pembeni kwa sababu yangu mimi, mtu wa supu.

Alipoteremsha mguu wa kwanza, nilimshika mkono.

"Baba mdogo, usiingie," nikasema. "Mimi sijui kitu. Nasomea upishi. Hiki ni cha kupimia nyama."

Hakuna aliyenielewa mara moja. Nikarudia kwa Kikurya, lugha ya nyumbani, kwa sauti, ili asiwepo wa kusema hakusikia. Mtu mmoja akaanza kucheka, kisha wengi. Baba hakucheka. Aliokota fimbo yake akageuka, akarudi njia tuliyojia, peke yake.

Otieno peke yake ndiye aliyezima sigara akasogea. Alijifunga kamba, akashuka kiasi cha urefu wa mtu mmoja na nusu, akashika gogo la pembeni na kulivuta. Lilikatika mkononi mwake kama muhogo uliooza. Akashika la pili, vile vile, na udongo mwingi ukaporomoka hadi chini. Tulisikia ulivyotua. Walimvuta juu haraka. Kicheko kilikwisha, na baba mdogo Marwa alikaa chini bila shati, akabaki amekaa hivyo kwa muda mrefu.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimelikunja koti na kulibana kwapani. Baba hakuzungumza nami siku mbili. Mama alinihudumia chakula akiinamisha kichwa, na nadhani alikuwa anaficha tabasamu, kwa kuwa baadaye aliniambia alikuwa amenusa vitunguu kwenye koti lile siku alipolifua.

Siku ya tatu baba aliniita uani. Nilimwamkia, akaitikia. Alisema maneno machache, nami nakupa kama alivyonipa.

"Sijakukasirikia kwa kupika. Ningecheka, ningenuna, ningezoea. Nimekukasirikia kwa sababu ulinifanya niwatangulie watu njia nzima, nikiwapeleka kufa, huku najivuna."

Nilipiga magoti nikaomba msamaha. Akaonyesha mbuzi aliyekuwa amefungwa kwenye mti. Akasema kama nasomea upishi, basi nipike. Na nisipike ndani. Nipike pale pale uani, na koti langu, kila anayepita aone.

Nikapika, mwanangu. Nilichemsha mifupa tangu asubuhi. Nyama nyingine niliichoma nikitumia kipimajoto, safari hii mahali pake. Mama na dada zangu waliketi kivulini kama wageni, na hilo lenyewe lilikuwa tamasha. Wanaume walianza kupita, kila mmoja na kisingizio chake: huyu anatafuta ndama, yule anauliza habari za mvua. Walikuja kucheka. Harufu ikawakalisha. Baba mdogo Marwa alikunywa bakuli mbili za supu akaomba ya tatu, akasema kwa sauti kwamba kijana aliyemzuia asiingie shimoni anaweza kupika chochote apendacho.

Baba alikula hadi mwisho. Kisha akasukuma sahani mbele na kusema, "Maabara yako inapima vizuri." Hapo ndipo uani pote palipocheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka.

Niliporudi chuoni nilimweleza Mwalimu Ester. Alicheka hadi akashika meza. Kisha akaacha kucheka, akaniambia kwamba jikoni mambo ni yale yale: ukiulizwa kama samaki huyu anafaa na huna hakika, sema huna hakika, kwa sababu anayeuliza anakaribia kumla. Nilimaliza masomo, nikafanya kazi kwenye majiko ya hoteli za mbugani mpaka nywele zikawa nyeupe, nikafundisha vijana wengi. Baba, hadi alipofariki, alikuwa akiwaambia wageni kwamba mwanawe ni mpishi mkuu. Alianza kusema hivyo miaka kadhaa kabla sijawa mkuu, nami sikumsahihisha.

Sasa vijana wa Mugumu wananijia kuniuliza juu ya vyuo. Juzi binti mmoja aliyetoka Nkende, upande wa Tarime, aliinama sikioni mwangu ndipo akataja hoteli, kana kwamba anataja ugonjwa. Ndiyo maana nayasema haya. Mwanangu, kazi uliyoichagua itaje kwa mdomo wako mwenyewe, mapema, ungali nyumbani. Usipoitaja, watu wanaokupenda watakutajia nyingine, na watakuheshimu kwa jambo ambalo huliwezi. Wenzako wakikimbilia dhahabu, wala usiwabeze, lakini usivae sura yao ili ufanane nao. Na likija swali usilolijua, hata kama wamekusanyika wote na baba yako yuko mbele, sema sijui. Aibu yake ni ya siku mbili au tatu. Mimi niliichelewesha kwa neno moja tu, na mguu wa baba mdogo wangu ulikuwa umeshaingia shimoni.

Nenda kasome. Mungu akupe mikono isiyochoka na ulimi usiokuaibisha. Chakula utakachokipika kiwapatanishe watakaokila, na wazazi wako waishi hadi wakae mezani kwako, wakuone unavyowahudumia wageni, na wakutaje kwa kazi yako bila kupunguza sauti.