Mbili na Nywele Nne

Katika karakana ile, sehemu moja ya mia ya milimita iliitwa unywele. Kusema haki, unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo mara kadhaa, lakini hakuna aliyewahi kulalamika, na mkereza vyuma mkongwe kuliko wote, aliyeitwa Fundi Unywele, alikuwa na kipara.

Alikereza shafti kwa miaka thelathini na minne. Msimamizi aliandika vipimo ubaoni kwa chaki, na aliandika kama alivyotamka. Mbili na nywele nne: 2.4. Mbili na nywele kumi na tano: 2.15. Mbili na nywele arobaini: 2.40. Ile sifuri ambayo watu wa shuleni huiweka mara baada ya nukta, ishike nafasi ya sehemu za kumi isiyo na mwenyewe, ilikuwa imefukuzwa kazi kabla Fundi hajaajiriwa. Kwa hiyo ubaoni 2.4 ilikuwa ndogo kuliko 2.15, kwa sababu nywele nne ni chache kuliko kumi na tano. Dunia nzima ilihesabu vingine, ila dunia nzima haikuwa ikikereza shafti mle ndani. Mfumo ule ulikuwa na kasoro moja: haukuwahi kuwakosesha.

Kuinamia mashine kulimharibia Fundi mgongo, na mgongo ukamfundisha kutafuna dawa za maumivu kama karanga. Alipostaafu, miguu ilianza kuvimba. Hospitali wakampima damu, na karatasi ikaandikwa 2.15.

"Mzee, huu ni uchafu ambao figo zilipaswa kuutoa," daktari alimwambia. "Umezidi. Hizo dawa za mgongo uziache, hata moja usiguse. Baada ya miezi mitatu upime tena. Namba ikipanda, hata kidogo, njoo wiki hiyo hiyo, bado tunaweza kuziokoa. Ikishuka, tuonane mwakani."

Fundi aliziacha dawa. Kwa miezi mitatu alilala kwa upande mmoja kama gogo na kuamka kwa awamu. Siku ya kupima ilipofika, mashine ya hospitali ilikuwa mbovu, akaelekezwa maabara ya ng'ambo ya barabara. Huko waliandika kwa kalamu, na hawakuwa wachoyo wala wakarimu wa tarakimu: 2.4.

"Imeshuka, eti?" Fundi alimuuliza mpimaji.

"Mimi napima tu, mzee. Kusoma ni kazi ya daktari."

Kusoma Fundi alijua. Kutoka nywele kumi na tano hadi nywele nne. Alikunja karatasi, akapita duka la dawa, akanunua pakiti mbili za vidonge vya mgongo.

"Si ulikatazwa hivyo?" mkewe, mshonaji, alimuuliza bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Nilikatazwa nilipokuwa mgonjwa, mama watoto. Figo zimepona. Zimepungua nywele kumi na moja."

"Haya. Mwenye kipara amezungumza habari za nywele."

Usiku ule alilala chali, mara ya kwanza baada ya miezi mitatu. Furaha hiyo hatuna sababu ya kumnyima. Ilidumu miezi minne.

Binti yao alifundisha darasa la tano mbali na nyumbani. Shule zilipofungwa alikuja, akamkuta baba yake ana uso uliovimba, miguu haiingii kwenye viatu, na chakula kinamnukia chuma.

"Baba, karatasi za hospitali ziko wapi?"

"Kwenye Mambo Yasiyokuhusu, mtaa wa pili."

Mama yake alizitoa kwenye droo ya nyuzi. Mwalimu aliziweka sambamba, akazitazama, akakaa chini.

"Nani alisema imeshuka?"

"Namba zilisema."

"Baba, imepanda. Nne hii iko kwenye nafasi ya sehemu za kumi. Hiyo nyingine ina moja tu kwenye nafasi hiyo, na tano iko kwenye sehemu za mia. Linganisha nafasi ya kwanza kwanza. Nne ni kubwa kuliko moja, basi, hapo umemaliza. Hata wanafunzi wangu huona kumi na tano wakadhani..."

"Wanafunzi wako." Fundi alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetukanwa na mtoto aliyemsomesha mwenyewe. "Mwanangu, kabla hujazaliwa mimi nilikuwa nakata chuma kwa unywele. Ningekuwa sijui namba, mashine za nusu ya mji huu zingekuwa zimesimama. Leo nifundishwe na chaki?"

"Ulifundishwa na chaki, baba. Ndilo tatizo."

Hakubishana zaidi. Alivuta tepu ya kushonea shingoni mwa mama yake, akaitandika mezani, upande wa sentimita juu.

"Nionyeshe mbili nukta nne."

Kidole cha Fundi kilikwenda chenyewe, kabla kichwa hakijashauriwa: kikapita mbili, kikahesabu vistari vinne, kikatua. Juu ya tepu, kidole hakikuwa mwajiriwa wa karakana.

"Sasa mbili nukta kumi na tano, kama mnavyoiita."

Kidole kilirudi nyuma. Kilisimama katikati ya kistari cha kwanza na cha pili, kikabaki hapo. Fundi alitazama umbali kati ya sehemu mbili zile, usiozidi upana wa punje ya mchele, muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kipimo chochote.

"Na dawa nimekula," alisema mwishowe.

Kesho yake asubuhi walikuwa hospitali. Mashine ilikuwa imetengenezwa. Daktari alisoma majibu: sita nukta tisa.

"Tisa ya kumi," Fundi aliuliza kwa uangalifu, "au ya mia?"

Daktari alimtazama, akamtazama binti, akaelewa kwamba lilikuwa swali la kweli.

"Mzee, ikifika sita, cha baada ya nukta hakina uzito. Ungekuja wiki ile."

Alilazwa, akaandikwa kwenye orodha ya mashine ya kusafisha damu. Ilikuwa moja kwa wilaya nzima, naye alikuwa wa kumi na saba. Kila asubuhi alimtuma bintiye kuuliza, na bintiye alirudi na namba: kumi na nne, kumi na mbili, tena kumi na mbili. Fundi alizirudia kwa sauti ndogo, akitaka kujua kama zinashuka, na safari hii zilikuwa zinashuka kweli. Jina lake lilipofikia nafasi ya tano ilikuwa Jumatano, siku moja baada ya mazishi, na kitanda chake wodini kilikuwa kimeshatandikiwa mgonjwa mwingine.