Mvua ya Gunia

Mwalimu wangu wa chuo aliacha kufundisha akaenda kuongoza mafundi wa kampuni moja ya intaneti ya setelaiti pale Upper Hill. Nilipomaliza masomo akaniita nikafanye kazi chini yake. Nilikuwa mtu wa kubishia kila kitu: mahubiri, ahadi za wanasiasa, hata daktari wa meno. Yeye sikumbishia. Ndiye aliyenifundisha kubisha, na Jumapili nyingi nilikula kwake Kileleshwa, mkewe akiniambia nimekonda.

Setelaiti inaishi kwa jua. Umeme wake una kikomo, kwa hiyo nguvu ya kurusha mawimbi lazima igawiwe madishi yote yaliyo chini: la shule, la hoteli, la kliniki. Mvua ikinyesha mahali, matone hula mawimbi njiani, na dishi la pale huhitaji nguvu zaidi. Mimi ndiye niliyeandika programu ya kugawa. Kanuni yangu ilikuwa nyepesi: aliye kwenye jua apunguziwe, aliye kwenye mvua aongezewe, na mvua ikikatika kila mmoja arudishiwe chake. Mwalimu aliisoma akasema, "Hii hata nyanyangu angeielewa." Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima.

Kuipima hatukungoja mawingu. Tulipanda juu ya paa, tukalowesha gunia la katani kwenye ndoo na kulitandaza mbele ya dishi. Picha kwenye skrini ilivunjikavunjika, kisha nguvu ikapanda na picha ikarudi. Mafundi waliiita mvua ya gunia, na wateja waliipenda kuliko maelezo yoyote.

Shangazi yangu ni muuguzi wa kliniki ya kanisa huko magharibi, milimani, ambako mvua haikosi alasiri. Alitaka daktari wa hospitali kubwa aweze kumwona mama mjamzito kwenye skrini kabla shangazi hajaamua kama atamsafirisha kwenye matope. Alikuja kwetu na wazee wawili wa kamati ya kliniki. Gunia nililitandaza mwenyewe. Mzee mmoja, koti lake la kanisani limefungwa vifungo vyote, akauliza, "Na kwetu itakuwa hivi?"

Mwalimu akanigeukia. "Muulizeni huyu. Si ni mtoto wenu?"

Nikasema itakuwa hivyo hivyo. Wakatia sahihi.

Mvua za masika zilipoanza, shangazi alipiga simu. "Hii kitu yenu imelala tena. Mvua ikianza tu, inalala. Leo nimeongea na daktari nusu ya maneno."

Nilitafuta kosa langu kwanza. Nilipitia kanuni mstari kwa mstari na haikuwa na tatizo. Ndipo nikafungua skrini ya madishi yote na kutazama alasiri nzima. Kliniki ilikuwa chini ya mvua, nguvu yake haipandi. Hoteli moja ya watalii ilikuwa kwenye jua kali, imekalia nguvu isiyoihitaji. Mtu alikuwa amegawa madishi katika madaraja mawili: la kwanza halipunguziwi kamwe, la pili linagawana makombo. Kliniki zote zilikuwa la pili. Dishi la juu ya paa letu lilikuwa la kwanza.

Nilimfuata Mwalimu ofisini kwake. Hakukana.

"Madaraja niliyaweka mimi," akasema. "Wageni wa hoteli wakikosa mpira kwenye skrini, simu inaita hapa mpaka meza inatetemeka. Kliniki ikikatika, nani anapiga?"

"Shangazi yangu."

Akacheka kidogo, kisha akaona sicheki. "Kijana, kaa chini."

"Siku ile ya wazee, yalikuwepo tayari?"

"Yalikuwepo."

"Na ukaniacha nijibu mimi."

"Ulijibu vizuri. Ulikuwa unaamini." Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya darasani, kama mtu anayesahihisha hesabu. "Ningekuambia, ungejibu vipi?"

Nilimwomba aihamishe kliniki ile moja tu. Akasema akihamisha moja, atahamisha zote, na setelaiti haina umeme wa huruma. Kwa umeme alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma: angeweza kuwaambia wazee hivyo hivyo, juu ya paa, wakachagua wenyewe.

Nilishuka hadi nje, nikampigia shangazi nikamweleza kila kitu.

"Wewe ulijua?"

"Sikujua, shangazi."

"Mimi nakuamini. Lakini wale wazee hawakumuuliza mwalimu wako. Walikuuliza wewe." Nikasikia akimwambia mtu afunge dirisha. "Kamati inakaa Jumamosi. Njoo uwaambie mwenyewe, wajue kama watangoja hiyo mashine au watawahi barabara na wagonjwa kabla ya mvua."

Nilikata tiketi ya basi la Ijumaa jioni. Ruhusa sikumwomba Mwalimu.