Siku Nilipoivua Stata Bati Lake

Aibu hii naiandika mwenyewe, kwa sababu nikinyamaza mke wangu ataendelea kuisimulia kila harusi tunayokwenda, na yeye akisimulia hutia chumvi. Mimi sitii. Nilimwita mtu mwizi mbele ya kituo kizima cha taxi, na kitu nilichosema kaniibia kilikuwa mahali pake, kimetulia, wala hakijagusa mkono wa mwizi yeyote.

Mnijue kwanza. Shule niliishia darasa la tatu, Tanga, na nilicho nacho nimekipata kwa mikono hii. Hapa Durban nilikuwa nauza makufuli na vitasa pale Warwick, soko lililo kando ya kituo cha taxi (taxi za huku ni kama daladala), na ukiuza makufuli miaka mingi unajua kwamba hakuna anayenunua kufuli kwa furaha, kila anayekuja mezani kwako kuna mtu anamshuku, na wewe unayemuuzia unaanza kuwashuku wote wawili.

Miaka ile ya tisini mwishoni nilikuwa na gari kuukuu, jeupe, silinda sita, gia otomatiki. Aliyeniuzia alikuwa ameng'oa ekzosi yake ya asili akaweka mabomba manene ya kuongeza nguvu, yanayojikunja kama utumbo pembeni ya injini. Likinguruma watu wanageuka, na mimi nililipenda kwa hilo (ujinga, najua). Sasa mabomba yale yanapita karibu kabisa na stata, ile mota ya kuwashia injini, na joto likaiunguza stata, wiki moja kabla ya mahafali ya binti yangu Zaituni pale chuo kikuu cha Westville.

Zaituni ni wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho. Mimi ambaye kuandika jina langu kunanichukua dakika nzima, nilitaka kitu kimoja tu: nikae kwenye kiti, nisikie jina lake likisomwa na langu likifuata nyuma yake mbele ya maprofesa, halafu niseme kwa sauti, "Huyo wangu." Na kufika nilitaka nifike na gari langu, likinguruma, siyo kwa taxi.

Stata mpya nilinunua mwenyewe, sikumtuma mtu. Fundi alikuwa Mkongomani anayeitwa Mwamba, mwenye gereji kule Jacobs nyuma ya viwanda, kila mtu anamsifu, nami mtu anayesifiwa na wote ndiye ninayemwangalia mara mbili. Kwa hiyo kabla ya kumpelekea stata nilichukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikaipiga stata madoa matatu. Akinibadilishia, nitajua.

Nikakaa juu ya kreti ya soda tangu asubuhi namtazama. Mwamba akaingiza stata, ikagoma. Akaigeuza, ikagoma.

"Papa, iko mabomba mbele," akasema kutoka chini ya gari. "Lazima niteremshe mabomba kidogo, halafu nizungushe stata kwa kichwa yake, ipate kupita."

"Izungushe, lakini niione."

"Utaiona, Papa. Haina mabawa."

Adhuhuri ikaingia, nikaenda kuswali. Niliporudi, kazi imekwisha. Stata iko ndani, na juu yake amefunga kipande cha bati, kimeifunika yote, huoni kitu.

"Hiyo nini?"

"Tôle. Ya kuzuia moto ya mabomba. Usiitoe, Papa."

Usiitoe. Mtu akiniambia nisifungue kitu, mimi usingizi unakata. Nililala na lile bati siku tatu kichwani, gari linawaka vizuri kila mara (na hilo nalo nikalishuku, nikasema labda kaniwekea ya zamani iliyopigwa msasa). Hata hivyo nikamwalika kwenye mahafali, nikamwambia, "Fundi, uje na sisi, utakula pilau." Akafurahi sana. Hakujua namtaka awe karibu, gari likizima nimkamate palepale na mashahidi.

Asubuhi ya mahafali, kabla wengine hawajamaliza chai, nikapandisha gari kwa jeki, nikalala chini na tochi, nikalifungua bati. Nikamulika. Hakuna doa. Nikamulika tena, stata nyeusi tupu. Nikajisemea, haya. Bati nikalitupa kwenye buti liwe ushahidi, nikanawa, nikavaa suti, sikumwambia mtu.

Tukampitia Mwamba. Alikuwa amevaa suti ya kanisani, kijivu, na mkononi ana kijiboksi cha kalamu kimefungwa kwa utepe, zawadi ya Zaituni. Nikaona kalamu ile nikazidi kumshuku. Mwizi gani huyu, anaiba stata anarudisha kalamu?

Pale Warwick nikasimama ninunue mashada ya maua ya kumvisha binti. Mke wangu akasema niache gari linawaka, yeye akanunue. Nikakataa mara mbili: yeye wangempandishia bei, na gari linalowaka siliachi na Mwamba ndani. Nikazima, nikachukua ufunguo. Kubishana na muuza maua kulichukua kama dakika kumi, nikarudi na mashada mawili, nikawasha.

Tak.

Nikarudia. Tak. Kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Na gari la otomatiki husukumi likawaka, na nilikuwa nimesimama penye njia ya kutokea taxi zote. Honi zikaanza. Dereva mmoja akatoa kichwa dirishani, "Eish, madala, hapa rank, siyo gereji," yaani mzee, hapa ni kituo. Mwingine akauliza kama maua ni ya gari. Watu wakatusukuma mpaka pembeni, Zaituni ndani na joho lake amejikunyata kama mgonjwa.

Nikashuka, nikamfungulia Mwamba mlango.

"Stata yangu iko wapi?"

"Iko ndani ya gari, Papa."

"Yangu. Ile niliyokupa. Umeuza kwa nani?"

Nilisema kwa sauti, kwa sababu nilitaka wasikie, na wakasikia: wauza dawa za miti shamba, wabeba-mizigo, akina mama wa Kikongo wanaosuka nywele pale ukutani. Mmoja wao akaacha kichwa cha mteja nusu. Mwamba alinitazama, hakupandisha sauti.

"Siko mwizi, Papa. Niko mekanisyen."

"Baba Zai," mke wangu akasema, "mwache mwenzio."

"Baba," Zaituni naye, "saa tatu na nusu natakiwa niwe kwenye foleni. Ile taxi ya Westville ina nafasi nne. Twende wote."

"Na gari tumwachie nani?"

"Fundi yupo."

"Huyo ndiye ninayemkimbia."

"Nenda, Papa," akasema Mwamba. "Mimi nitalinda."

Nikacheka. Nakumbuka nilicheka. Taxi ikaondoka na mke wangu na binti yangu, joho limebanwa mlangoni, nami nimesimama na mashada mawili shingoni kwangu kwa kuwa sikuwa na pa kuyaweka.

Sasa, nikasema, tuone. Nikafungua buti nitoe jeki niwaonyeshe watu kwamba madoa hayapo, nikaivuta jeki kwa hasira, na bati likaja nayo, likaanguka kwenye lami, likalia kama sahani ya msikitini siku ya futari. Likasimama miguuni kwa Mwamba.

Akaliokota. Akaligeuza.

"Papa. Hii ni nguo yake. Ulimvua?"

Nikaiweka jeki chini.

"Mabomba inachoma stata. Ikikamata moto, haizunguki, inalia tu. Ukizima gari kidogo ndiyo mbaya zaidi, upepo hakuna. Wala haijaharibika. Tungoje ipoe."

"Na madoa?"

"Ya nyekundu? Tatu? Niliyaona. Nilizungusha stata ipite bomba, yakaangalia injini." Akamgeukia yule msusi. "Mama, saidia kioo."

Mama akaleta kioo chake cha kushika mkononi. Nikalala chini, suti na mashada, nikakiingiza kioo kati ya injini na stata, Mwamba akimulika tochi. Yakanitazama yote matatu, mekundu, kama yalivyokuwa.

"Umeyaona, Papa?"

"Nimeyaona."

"Anasema ameyaona," yule mama akawatangazia wengine, na kituo kizima kikacheka, mpaka yule dereva aliyeniita madala.

Taxi iliyofuata ya Westville ilikuwa na watu watatu, na haiondoki mpaka ijae. Mwamba akavua koti, akalifunga bati kwa waya, vidole vyake vinaungua, mimi namshikia koti. Nusu saa ikapita. Nikawasha, likanguruma, watu wakapiga makofi, na sijawahi kuuchukia ule mngurumo kama siku ile.

Tulipofika chuoni nikaruka, nikaacha gari linawaka na ufunguo ndani na Mwamba kwenye usukani, nikakimbia. Watu walikuwa wanatoka, Zaituni miongoni mwao.

"Wameshakuita?"

"Wameniita, Baba."

Nikamvisha shada. Maua yalikuwa yamelegea, yananuka oili. Mwamba alipokuja na kalamu yake Zaituni akaipokea kwa mikono miwili, na shada la pili nikamvisha yeye, nikamwomba radhi mbele ya maprofesa, kwa kuwa nilikuwa nimemtukana mbele ya watu. Akasema, "Hakuna shida, Papa, lakini tôle usiguse."

Siigusi. Gari lile nilikaa nalo miaka mingine minne na sikuwahi kulala chini yake tena, na fundi ninayempa kazi sasa namwachia afanye, hata nikienda kuswali. Hilo nimeliapia.

Kuna kaka wa mwanafunzi mwenzake aliyerekodi sherehe ile kwa video, akatupa kaseti. Naiweka mara nyingine nikiwa peke yangu. Wanasoma jina la Zaituni, wanasoma jina langu, vigelegele vya mke wangu vinapanda, vinashuka. Kisha pale panapofaa niseme mimi yale maneno yangu mawili, kuna mtu anakohoa, na wanasoma jina la mwingine.