Siku Muosha Chupa Alipofunga Pete

Kwa miaka kumi na mmoja aliosha vyombo vya maabara, na hakuna chupa iliyompita mkononi ikabaki na doa. Walimwita Dada Brashi. Lakini mwanamke yule alisugua huku anasoma kazi za wenzake, na siku Profesa alipomkuta akimkosoa mwanafunzi mmoja, tena kwa haki, akamwambia, "Haya dada, jaribu wewe. Ukiifunga pete, meza ya dirishani ni yako. Usipoifunga, rudi kwenye sinki na usinisumbue tena."

Pete yenyewe si ya kidoleni. Ni molekuli ndefu inayopindwa mpaka kichwa kikutane na mkia, naitrojeni na oksijeni zikiwa ndani ya duara. Ili ijifunge, oksijeni moja iliyozidi lazima ing'oke. Anayeing'oa ni fosfini, unga mweupe wenye uchu wa oksijeni, akichochewa na iodini. Malighafi ilibaki gramu moja tu, kwa hiyo hapakuwa na kurudia.

Alikausha vyombo, akachanganya, akaziba. Kahawia ya iodini ikapauka ikawa manjano. Mchana alipoiweka chupa kwenye barafu, fuwele nyeupe zikaanza kushuka, nyingi, nzuri, zinameta! Dada Brashi akapiga vigelegele, akamzungusha mlinzi korido nzima, akampigia mama yake simu.

"Mama, nimefunga pete!"

"Hongera mwanangu. Umekula lakini?"

Profesa akaja, akazichungulia fuwele, akakohoa. "Dada, hii ni fosfini iliyokwisha kumeza oksijeni. Takataka. Usione haya, hakuna mkemia ambaye haijamchezesha. Mimi niliinunulia keki nikidhani nimefaulu."

Maabara nzima ikacheka. Yeye akakaa kitini, moyo umemwanguka, akiliona sinki lile lile na miaka mingine kumi na mmoja. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Halafu akainuka ghafla.

"Profesa, imemeza oksijeni ya nani?"

"Ya hewani pengine. Au ya maji."

"Maji gani? Vyombo nimekausha mimi, na hewa nimeizibia nje!"

Hapo hakuna aliyethubutu kubisha. Akazipima fuwele kwenye mzani. Uzito ulikuwa karibu sawasawa na ule ambao ungepatikana kama kila molekuli ya gramu ile imenyang'anywa oksijeni yake. Mlaji ameonekana kashiba. Basi aliyeliwa yumo humu humu. Akakirudia kimiminika cha manjano kilichobaki baada ya kuchuja fuwele, ambacho watu wenye papara hukimwaga, akakisafisha mpaka yakabaki matone mazito, akayapeleka kwenye mashine inayosoma umbo la molekuli.

Mistari ikajichora kwenye kioo. Mahali ambapo molekuli isiyojifunga haina mstari hata mmoja, ulisimama mmoja, mrefu.

"Imefunga!" Safari hii aliyepiga kelele ni Profesa, na mlinzi akazungushwa mara ya pili, maskini, chai mkononi.

Dada Brashi akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kwa mazoea akaenda kwenye sinki na kushika brashi. Profesa akamnyang'anya.

"Acha, dada. Wewe una meza."

Akakunja mikono ya shati, akaanza kusugua. Mwenye meza akamtazama kidogo, akashindwa kuvumilia.

"Na shingo ya chupa pia, Profesa."