Chupa Mbichi ya Kiwanda cha Inagaki

Kwa miaka ishirini na sita Kimie Onodera alitunza chachu katika kiwanda cha mzee Inagaki cha sake, pombe ya mchele ya Kijapani, na wenzake walimcheka kwa wasiwasi wake.

"Kimie, hata chachu yenyewe imechoka kuchunguliwa."

Yeye hakuona kichekesho. Chachu ile iliachwa na baba yake Inagaki, ndiyo iliyoipa sake yao harufu ya peasi, na haikuwa imevuka ukuta wa kiwanda hata siku moja. Mpaka alipoivusha yeye.

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka juzi. Mdogo wake, Fusae, alikuwa kitandani. Kimie ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki, akimbeba mgongoni huku akiosha figili za watu.

"Dada, koo halipitishi kitu," Fusae alisema. "Nionjeshe tu ile mbichi yenu, ya siku ya kukamua."

"Unajua haitoki."

"Kwani mimi mtu baki?"

Sake ya madukani hupashwa moto, chachu ikafa. Ile mbichi, yenye ukungu wake mweupe, chachu yake ni hai, na tone moja latosha kuizalisha kwingine. Na mume wa Fusae alikuwa fundi katika kiwanda kingine cha sake, cha ng'ambo ya mto. Kimie aliyajua yote hayo. Lakini aliiona midomo ya mdogo wake ilivyopasuka, akaficha chupa ndani ya koti, akaenda nayo kwenye theluji.

Machi mwaka huu viwanda vilikutana ukumbini kuonja sake mpya. Kwenye meza ya kiwanda cha ng'ambo ya mto alisimama Fusae, amenawiri.

"Karibu dada, onja mbichi yetu. Watu wanasema mwaka huu tumebarikiwa."

Kimie aliizungusha ulimini. Peasi. Kisha uchungu mdogo mwishoni, kama wa ganda lake. Waonjaji wengine walikuwa wakitema ndooni. Yeye alijikuta amemeza.

"Fusae, ile chupa uliinywa?"

Fusae alipangusa meza iliyokuwa kavu. "Nilikunywa nusu."

"Na nusu?"

"Usinikaripie mbele za watu. Chachu haina jina la mtu. Na nyinyi yenu si mnayo bado? Mmepungukiwa nini?"

"Ulikuwa unaumwa kweli?"

"Nilikuwa na mafua."

Mzee Inagaki alikuwa amefika mezani bila wao kumwona. Alionja, akatema, akaonja tena. Akakiweka kikombe chini taratibu.

"Hii ni yetu," alisema. "Siku ya kukamua hushika chupa Sugawara peke yake. Leo atanieleza."

Sugawara alikuwa mzee asiye na hatia, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Fusae alimtazama dada yake kwa macho yaleyale ya kitandani, ya kuomba.

"Mzee, usimsumbue Sugawara," Kimie alisema. "Niliitoa mimi. Nilimpa mdogo wangu, huyu hapa."

Inagaki alimwangalia kitambo, kama anayetafuta mtu mwingine usoni mwake.

"Kesho usije," alisema, akaondoka.

Kimie aligeuka, angalau asikie neno moja. Fusae alikuwa ameshamwinamia mgeni mwingine, akimmiminia.

"Karibu, onja," alikuwa akimwambia. "Hii ni ya nyumbani kwetu."