Chaneli ya Nne

Risiva yetu pale kituo cha wanyamapori Natta ilikuwa na chaneli sita, moja kwa kila tembo aliyevishwa kola ya redio shingoni. Ukiiwasha inazunguka yenyewe: inasikiliza chaneli moja kwa sekunde kumi, inahamia inayofuata, ikimaliza inaanza upya. Kola ikiwa karibu unasikia ti, ti, ti. Ikiwa mbali unasikia mkwaruzo tu, kama redio yenye betri zilizochoka. Serikali ilinileta huko kutoka Singida, na sikuwa na haraka ya kuwapenda tembo. Nilichopenda ni kuipanga ile mashine.

Nyambureti kulikuwa na mama mjane mwenye shamba la mtama kando ya korongo wanalopita tembo. Mtama ule ndio ulikuwa chakula chake na wajukuu wake kwa mwaka mzima. Tulikubaliana kwamba nikisikia mlio upande wake nimpigie, naye awatoe majirani na madebe. Namba yangu aliihifadhi kwa jina la "Tembo". Kila nilipopiga alipokea akicheka: "Haya, Tembo wangu, mko wapi leo?"

Chaneli ya nne alikuwa jike kubwa, kiongozi wa kundi. Wiki tatu hakusikika. Ilinikera kuona kila mzunguko unapoteza sekunde kumi kwa mnyama asiyekuwepo. Nikampigia mkuu wangu, aliyekuwa likizo kwao Nyamisangura, ambako kila kijana huitwa "mura".

"Shikamoo mkuu. Huyu wa nne tumfanyeje?"

"Marahaba. Huyo mwache, mura."

Mtandao ukakata. Basi nikamwacha: nikamfuta kwenye orodha. Mzunguko ukawa mwepesi, nami nikajiona fundi.

Siku ya tano, saa kumi na mbili asubuhi, simu ya mama ikaingia. "Mwanangu, mbona ulinyamaza?"

Nilipofika, mtama ulikuwa umelala chini, na uliobaki umesimama haukujaza hata kona ya shamba. Niliingiza masafa ya chaneli ya nne kwa mkono. Mlio ulitoka mkali hadi nikapunguza sauti. Kundi lilikuwa nyuma ya kilima, limeshiba.

Nikampigia tena mkuu, nikamweleza yaliyotokea.

"Si nilikwambia umwache?"

"Ndiyo, mkuu, nikamwacha."

"Umwache humo humo kwenye mashine, mura! Nani alikwambia umtoe?"

Kiswahili ni lugha ya pili kwake, na kwangu pia, lakini hata aliyezaliwa nacho angesema sote wawili tuna haki. Haki hiyo haikunisaidia kitu mbele ya mama. Nilimwambia ukweli, kwamba yule jike nilimfuta mwenyewe, kwa kidole changu. Hakunigombeza. Alisema, "Acha tu," akainama kuendelea kuokota masuke. Niliona aibu, na haijaniisha.

Tangu hapo mkuu akisema "mwache," namuuliza: ndani au nje? Wenzangu wananicheka, na wana haki.

Msimu uliofuata, jioni moja jua likiwa bado lipo, chaneli ya nne ililia upande wa korongo. Nilifurahi kupita kiasi. Nilimpigia mama hapo hapo, risiva ikiwa mkononi, nikamsubiri acheke. Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika, kisha akapokea.

"Haloo," akasema. "Nani mwenzangu?"