Dada Yangu Alizikwa Iyolwa

Dada yangu na mume wake walipendana kwa Kiswahili. Kwetu Iyolwa, upande wa Tororo, tunasema Dhopadhola, na mumewe alikuwa Msamia wa upande wa Busia, kwa hiyo walikutana katika lugha ya sokoni, ile ambayo kila mtu wa mpakani anaiokota akiwa bado mdogo. Watoto wao waliikuta nyumbani, wakaifanya yao. Nilipowatembelea kule Tiira nilimsikia dada akimwita, "Wewe mwanaume," kwa utani, naye akiitika, "Sema, mkubwa wangu."

Shemeji alikuwa mchimbaji. Dhahabu ya Tiira inatolewa kwa mikono, kwenye mashimo membamba ambamo mtu akishuka unamsikia tu, humwoni. Dada alianza kwa kuponda mawe pamoja na wanawake wengine. Vumbi lilipomkaba kifua aliacha, akafungua kibanda cha chakula karibu na mashimo, na maharage yake yakajulikana mpaka ng'ambo ya bonde. Mimi nilikuwa nauza mitumba Busia mjini, kazi ninayoifanya mpaka leo. Jumapili nilipanda boda kwenda kwao. Shemeji aliniuliza habari za wazee, tukala, kisha akawabeba watoto mabegani kwenda nao mtoni. Nayasema haya kwa sababu baadaye watu walidai kwamba alikuwa mnyama tangu mwanzo. Hakuwa. Ingekuwa rahisi kwetu kama angekuwa.

Msimu mmoja wa mvua kifusi kilimwangukia mgongoni. Wenzake walimfukua kwa mikono yao, akatoka hai, lakini hakuweza tena kuinama wala kuinua kitu kizito. Dada akabaki ndiye anayelisha nyumba. Mumewe alikaa kwenye kiti nje ya mlango, akimtazama anavyotoka na anavyorudi. Wateja wa kibanda walikuwa wachimbaji wale wale waliomwokoa, na ndio alioanza kuwachukia. Huyu kwa nini anacheka naye? Yule kwa nini amerudi kuomba mchuzi?

Kwanza ilikuwa simu. Dada akawa anaiacha mezani kila anapoingia ndani, ikaguliwe. Halafu zikafuata nguo. Niliwahi kumpelekea gauni zuri la buluu nililolichagua kwenye mtumba mpya, nalo likamkaa vizuri sana. Alijitazama kidogo, akalivua, akalikunja.

"Rudi nalo," akaniambia. "Nikilivaa ataniuliza naenda kwa nani."

Baada ya hapo ikaja mikono. Alifika Iyolwa na watoto wake watatu, jicho moja limefumba, mkono ameushika kama mtu aliyebeba yai. Mama alimkanda kwa maji ya moto bila kumuuliza neno. Mkubwa wa watoto, msichana, alikaa mlangoni akiwaangalia.

Hawakukaa sana kabla shemeji hajaja, pamoja na mama yake na wajomba zake. Mvua ilikuwa inapiga mabati, ikabidi watu waseme kwa sauti. Shemeji alipiga magoti akaomba msamaha. Alilia machozi ya kweli, na mpaka sasa sijapata kuamini kwamba yalikuwa ya uongo. Baba yangu, ambaye ni mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache, akamgeukia dada.

"Umemsikia mume wako?"

"Nimemsikia, baba."

"Unasemaje?"

"Nataka kukaa hapa kwanza."

"Kwanza mpaka lini? Mwanamke aliyetolewa ng'ombe ana kwake. Ndoa ni kuvumilia, mwanangu. Mama yako amenivumilia mimi."

Mama akainua sinia la vikombe akatoka nalo, ingawa chai ilikuwa bado haijanywewa. Aliyesema ni mama wa shemeji, mwanamke mwembamba ambaye mpaka hapo alikuwa amekaa mkekani akiangalia miguu yake.

"Mwacheni akae," alisema. "Huyu nimemzaa mimi. Namjua alivyo sasa."

Kaka zake, wale wajomba wa shemeji, wakamwambia anyamaze. Mkutano ukafungwa kwa sala, na dada akaondoka na mumewe.

Niliwasindikiza mpaka barabarani. Dada alikuwa amembeba mtoto mdogo mgongoni. "Mkubwa ana mtihani muhula huu," akaniambia. "Akishamaliza, tutaona."

Nilikuwa sokoni nafungua beli la nguo siku jirani wa dada aliponipigia simu. Ilikuwa mchana, jua kali. Alisema, "Njoo. Usije peke yako." Nilimuuliza kuna nini, akarudia maneno yale yale, nikajua.

Shemeji alimpiga dada nyumbani kwao, kwa nyundo ya kupondea mawe, ile ya tangu siku zile dada alipokuwa akifanya kazi hiyo. Watoto wakubwa walikuwa shule, mdogo amelala chumbani. Alipomaliza, shemeji alitembea kwa mguu mpaka kituo cha polisi, akaketi kwenye benchi akingoja zamu yake, na alipoulizwa shida yake akasema, "Nimemuua mama wa watoto wangu." Nilipofika, watu walikuwa wamejaa uani. Mtoto mdogo alikuwa mikononi mwa jirani, anakula ndizi.

Mwili ulipelekwa Tororo kupimwa. Tulikuwa bado hatujapata hata nguvu ya kulia vizuri, ukoo wa mume ukatuma neno. Mahari ilikuwa imetolewa yote, marehemu ni mke wao, watamzika wao. Ndivyo ilivyo desturi, na hakuna kwetu asiyeijua. Wazee wetu wenyewe walitikisa vichwa wakasema hakuna la kufanya.

Baba hakubishana na mtu. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshakwisha, wengine wamekufa, wengine wameuzwa kutusomesha. Akazunguka kwa ndugu zake akikusanya wengine wa kurudisha. Palipopungua, akafungua maksai wake wawili wa kulimia, aliowafundisha mwenyewe tangu wakiwa ndama. Tukawapakia kwenye lori mpaka nyumbani kwa wakwe. Nilikuwa mbele pamoja na dereva. Baba alipanda nyuma na ng'ombe, akakataa kubadilishana na mtu.

Alisimama katikati ya ua wa watu wale, kofia mkononi.

"Nimekuja kumchukua mtoto wangu," alisema. "Nilimrudisha hapa kwa mdomo wangu. Sasa namtoa kwa mikono yangu."

Mjomba mmoja akaanza kueleza kwamba jambo hili lina taratibu zake. Mama wa shemeji alikuwa ameketi chini, kichwa amekinyoa. Akanyanyuka.

"Mara ya kwanza nilisema, mkaninyamazisha," aliwaambia kaka zake. "Leo hamtaninyamazisha." Akamgeukia baba. "Mzee, mchukue mtoto wako. Wachukue na wajukuu. Na ng'ombe hawa rudi nao, sisi hatuna uso wa kuwapokea."

Baba alimshukuru. Lakini ng'ombe aliwaacha, maksai pia. Tuliposhika njia ya kurudi niliwaona kwa nyuma, wamesimama pamoja kama wangali wamefungwa nira.

Dada tulimzika Iyolwa, pembeni mwa shamba la mihogo. Nilimvika lile gauni la buluu. Msimu uliofuata baba alilima kwa jembe la mkono, mama nyuma yake akipanda. Majirani walijitolea kumlimia, akawaambia wasijisumbue. Kanisani anaenda, ila akiombwa kuzungumza na wachumba anakataa.

Kesi ilisikilizwa Tororo. Shemeji alikiri. Alipoulizwa sababu, alisema aliogopa dada angemwacha. Nilikuwa nimengoja sababu kubwa, kitu cha kulingana na kaburi lile. Akafungwa miaka mingi.

Bibi yao wa Usamia huja Iyolwa kuwaona watoto, amebeba samaki wakavu. Yeye na mama yangu hawaelewani lugha ila Kiswahili cha kuokoteza. Wanachambua maharage pamoja, na wakiachana hushikana mikono kwa muda mrefu.

Mwaka huu msichana mkubwa, ambaye sasa yuko sekondari, aliniambia, "Mama mdogo, nataka kumwona baba." Sikutaka, lakini nilimpeleka gerezani. Shemeji alikuwa amekonda, nywele zimekuwa na mvi.

"Unakula?" akamuuliza binti yake.

"Nakula."

"Bibi yako?"

"Yuko."

Kisha mtoto akasema, "Mama alikuambia nini? Mwisho."

Shemeji alitazama chini.

"Aliniambia, ngoja kwanza nitoe chakula motoni."

Msichana akaitikia kwa kichwa taratibu kuonyesha amesikia, akasimama, akamuaga kwa adabu kama anavyoagwa mzee yeyote. Tukatoka. Tulitembea kivulini mwa ukuta tukielekea stendi, naye akauliza, "Nani alikitoa?"

"Nini?"

"Chakula."

Nilimwambia labda jirani. Sijui. Nikamnunulia soda, akanywa nusu, akanipa iliyobaki.